Masika ya Herufi Mbili

Jumapili, 14 Februari 1999

Daftari hili nimelinunua ili niandike mambo ya kompyuta: nimegusa nini, lini, na kimeharibika nini. Mafundi wa maana wote wanaandika. Mimi ni fundi wa maana tangu Krismasi, kwa hiyo naanza leo.

Tumeshinda Kisesa kwa baba mkwe. Mzee Mashimba alitupokea amevaa gambuti ingawa mvua haijagusa ardhi tangu Jumatano. Zamani alikuwa bwana shamba wa pamba. Walipokuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, ushirika ukayumba na yeye akapunguzwa kazini. Wenzake walikaa barazani kulalamika. Yeye aliendelea na kazi ambayo hakuna aliyemtuma, ya kukusanya majina ya udongo. Miaka ishirini na miwili amezunguka kutoka hapa hadi Magu akiwauliza wakulima wazee kwa Kisukuma: udongo huu mnauitaje, unapenda zao gani, unachukia nini, mvua ikizidi unafanyaje. Mimi nimekulia migombani kwetu Kagera na siku zote nilidhani udongo ni udongo. Kumbe kuna luseni wa mlimani, kuna itogolo, kuna ibambasi, na ndani ya kila mmoja kuna watoto na wajukuu wenye majina yao.

Kazi yote imo kwenye kompyuta ndogo ya mkononi aliyoachiwa na mtafiti mmoja Mdachi aliyerudi kwao. Mzee ameichapa kwa kidole kimoja, miaka miwili. Ilikuwa imejaa virusi na ikiganda mara tatu kwa siku, ndipo mimi wakati wa Krismasi nikaweka Linux, mfumo wa bure ulioandikwa na watu wa dunia nzima kwa kupenda tu, na kazi yake nikaihamishia humo. Tangu hapo haijaganda hata mara moja. Siku ileile nilimwambia yale madaftari kumi na sita yaliyorundikwa chumbani sasa ni ya kufugia mende. Akasema, kama mkwe umesema, basi. Nilijisikia mtu mkubwa.

Imebaki hatua moja kazi hii iwe kitabu. Mzee hakubali neno la mtu liingie kwenye kitabu mpaka mwenyewe amesomewa, akasikiliza, akakubali. Wote waliobaki hai wameshasomewa, isipokuwa bibi mmoja wa upande wa Magu, Ng'washi, ambaye watu wanasema ana miaka tisini. Alimhoji Novemba. Ana majina ambayo hakuna mwingine anayo, maana alilima karibu na ziwa tangu akiwa msichana. Mvua zikitulia kidogo, mzee ataibeba mashine mpaka mlangoni kwake amsomee.

Jumamosi, 20 Februari

Mke wangu Winnie kapita Kisesa na kurudi na karanga za kukaanga. Kufungua, karatasi ni mwandiko wa baba yake! Mzee amempa muuza karanga wa stendi madaftari yote. Tumecheka, yaani mimi nimecheka. Juu imeandikwa Magu na tarehe ya Novemba, halafu jina la udongo limekolezwa wino, halafu maelezo. Nanakili sentensi moja kwa sababu imenifurahisha: "Ukiulima kabla ya wakati wake hulia chini ya jembe kama ngozi kavu, ukilia, weka jembe begani urudi nyumbani." Udongo unalia! Nikawaza vile ningewasimulia kazini. Karanga zilikuwa na chumvi nyingi. Karatasi nimeikunja nikaitupa.

Jumanne, 2 Machi

Mvua. Kiwandani kwetu, kwa minofu, samaki wachache.

Jumamosi, 6 Machi

Nimekwenda Kisesa kuichukua mashine. Mzee hakuomba nifanye kitu, alikuwa ameridhika nayo kabisa. Amri za kuiendesha ameziandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi na kukitundika ukutani. Mimi ndiye niliyesema itakuwa na kasi zaidi nikiipanga vizuri. Akasema Ng'washi amemtumia salamu, anauliza lini atasomewa. Nikamwambia wiki moja tu, Baba.

Jumapili, 7 Machi

Naandika kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira sitajua nilikokosea.

Jana jioni mashine iliwaka vizuri. Niliingia nikaona faili zinazoiwasha zimetapakaa ovyo, za zamani na mpya. Nikazipanga. Nikafungua folda mpya, nikazihamishia humo, nikazipa majina yanayoeleweka. Nikazima, nikala, nikalala. Leo baada ya misa nimeiwasha. Kioo kimekuwa cheusi, ikatokea herufi L, ikafuatia I, basi. Hakuna kingine. Kile kiprogramu kidogo kinachoamka kwanza na kuuamsha mfumo mzima kinaitwa LILO, nacho huandika jina lake herufi moja moja kadiri kinavyofaulu hatua zake. Kimefika nusu ya jina lake kikanyamaza.

Nimezima na kuwasha mara kumi na moja. Nimetoa betri, nimerudisha. Nimeingia kwenye vipimo vya ndani vya mashine, nimebadilisha kila kinachobadilika, na nimevirudisha vyote. L, I, kimya. Winnie alileta chai akauliza kama imepona. Nilimjibu vibaya, nikamwambia haiumwi. Chai imepoa na sasa naona haya kwenda kuomba nyingine.

Tatizo haliwezi kuwa kubwa. Mimi ndiye niliyeuweka mfumo huu kwa mikono yangu.

Jumanne, 9 Machi

LI.

Jumamosi, 13 Machi

Nimekumbuka jambo lililonipa furaha ya dakika tano. Wakati wa Krismasi mfumo uliniuliza kama nataka flopi ya dharura, ya kuwashia mashine siku mambo yakiharibika, nikatengeneza. Leo nimepekua droo nzima nikaipata. Nimeiweka. Ndani kuna barua yangu ya kuomba kazi Dar es Salaam. Januari nilikosa flopi tupu nikaandika juu ya hiyo, na kwenye lebo nikaandika kwa fahari, Curriculum Vitae, Renatus Ishengoma.

Kazi yenyewe hawakujibu.

Jumapili, 14 Machi

Winnie anakwenda Kisesa. Nilimwambia amwambie baba yake mashine iko mbioni. Akauliza mbioni kwenda wapi. Nikamwambia aseme hivyohivyo.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Lakini nikifika nimwambie nini? Kwamba nimevunja kitu ambacho hakikuwa kibovu? Katika nyumba ya Mzee Mashimba mkwe ni mgeni maisha yake yote. Anapewa kiti chenye mgongo, anaanziwa mboga, na jambo akishaulizwa mara moja haulizwi tena, kwa sababu kumuuliza mkwe mara mbili ni kumwambia humwamini. Nilipooa desturi hiyo ilinipendeza mno. Kwetu baba yangu aliniuliza kila kitu mara sita.

Winnie karudi na michembe kikapu kizima, viazi vikavu vyeupe kabisa. Zawadi yangu, kwa kazi ninayofanya. Mzee hakuuliza kitu.

Jumapili, 21 Machi

Nimemtuma Winnie tena na maneno yaleyale. Ng'washi ameshikwa na kifua, ila anakaa mlangoni kila siku mvua ikikatika. Anasema amesikia kuna mashine inayosoma na anataka kuiona kabla hajaenda zake. Mzee amemwambia iko mbioni.

Ijumaa, 26 Machi

Ulaya wamezuia samaki wetu. Wanasema kuna wavuvi wanaovua kwa sumu. Mameneja wametukusanya uani, wakatuambia twende nyumbani mpaka tutakapoitwa. Wanawake wa kukata minofu walivua mabuti meupe wakayapanga ukutani safu moja.

Nilidhani nitaogopa zaidi. Ukweli ni kwamba njia nzima nilikuwa nawaza sasa nina muda wa mashine.

Jumapili, 28 Machi

Antoni ana ofisi ndogo ya uchapaji pale Mirongo na laini ya simu inayopokea barua pepe. Jana alinipeleka kwenye orodha moja ya barua pepe ya watu wa Linux wanaosaidiana, nikaandika kisa changu chote: herufi mbili, faili nilizohamisha, flopi niliyoiharibu. Niliongeza kwamba kuna kazi ya mzee mmoja ya miaka ishirini na miwili ndani yake. Antoni alisema jibu likija ataliweka kwenye kijisanduku chake cha mbao, nipite.

Sitapita. Nani ataacha shughuli zake huko aliko amjibu mtu wa Mwanza?

Leo Winnie amekwenda Kisesa mara ya tatu na "iko mbioni". Aliporudi alivua kitenge, akakikunja taratibu, akasema hatalisema tena neno hilo. Pasaka tunakwenda wote, na mashine.

Ijumaa Kuu, 2 Aprili

Inawaka.

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nilisema mafundi wa maana wanaandika.

Winnie alikwenda kanisani njia ya msalaba, mimi nikabaki kwa kisingizio cha kupumzika. Keshokutwa tulitakiwa kuwa Kisesa. Nikaweka ile CD niliyouwekea mfumo wakati wa Krismasi. Ikauliza kama naweka mfumo upya, nikajibu ndiyo. Kulikuwa na njia mbili: moja ndefu, ya kuchagua mwenyewe kila sehemu ya diski iguswe au isiguswe, na nyingine ya mkato. Chini ya ile ya mkato kulikuwa na maandishi madogo yakisema vyote vilivyomo kwenye diski vitafutwa. Niliyasoma. Nataka iandikwe hapa kwamba niliyasoma. Nilijiambia maandishi hayo yanawahusu wenye mifumo mingine, mfumo huu utaitambua nyumba yake. Nilikuwa nimechoka kuwa mjinga. Nikabonyeza.

Taa ndogo ya kijani ilimeta kama dakika arobaini. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimeanza kupiga mluzi. Ilipomaliza ikajizima, ikawaka, ikaandika herufi zake zote nne bila kusita hata kidogo. Nilipiga makofi. Niliingia mahali kazi ya mzee inapokaa nikaagiza ioneshe vilivyomo, ikanionesha mstari mtupu. Nikaagiza tena. Nikatafuta kwa jina lake, kwa jina la udongo, kwa Magu, kwa Kisesa.

Mashine ni nzuri sana. Haijawahi kuwaka vizuri hivi.

Pasaka, 4 Aprili

Nimesema nina malaria. Winnie alinishika shingo, akaona haina joto, akambeba mtoto wetu Koku wakaenda wawili.

Alhamisi, 8 Aprili

Leo nimekutana na Antoni sokoni. Akasema kwa furaha, "Wewe mbona huji? Jibu lako limekaa wiki nzima!"

Tulikwenda naye Mirongo. Jibu lilikuwa kwenye kijisanduku, limechapwa, limekunjwa vizuri. Limetoka kwa bwana mmoja wa Brazili nisiyemjua kabisa. Tarehe ni 30 Machi. Kabla ya Ijumaa Kuu. Siku tatu nzima kabla.

Ameanza kwa kusema nisiweke upya chochote, na mstari huo ameuandika kwa herufi kubwa. Kazi ya mzee wako ipo salama, anasema, haijaguswa hata neno moja. LILO hukumbuka mahali hasa faili zilipo kwenye diski, kwa hiyo ukizihamisha bila kumwambia huenda kulekule alikozoea na kukuta hakuna mtu. Tafuta kompyuta yoyote yenye Linux, tengeneza flopi ya kuwashia, ingia kwa flopi hiyo, rudisha faili zako, halafu andika amri hii moja. Ameiandika amri yenyewe peke yake katikati ya ukurasa. Ni neno moja, halifiki hata herufi kumi na tano. Mwishoni amesema babu yake alikuwa mkulima na anatamani kujua mzee wangu ameandika nini.

Antoni aliniuliza kama nataka flopi tupu. Ana kompyuta ya Linux pale kwenye kona. Ipo siku zote, nimeiona mara ngapi. Sikuwahi kumuuliza kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha Antoni Linux, na mwalimu hamwombi mwanafunzi.

Nilimwambia nitarudi. Nilitembea hadi ziwani nikakaa juu ya jiwe mpaka mvua ikaniloanisha, nikajilaani kwa lugha zote tatu ninazozijua. Haikusaidia. Nilikuwa na siku tatu za kupita Mirongo kuchukua neno moja, na badala yake nikafuta miaka ishirini na miwili.

Jumamosi, 10 Aprili

Nimemwandikia tena yule bwana, nikamweleza. Nimeuliza kama kilichofutwa kinarudi.

Jumatatu, 12 Aprili

Amejibu. Mfumo mpya umeandikwa juu ya ule wa zamani. Anasema alichobaki nacho cha kunipa ni pole.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua siku nzima. Paa linavuja juu ya kabati.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua.

Jumapili, 25 Aprili

Leo nimemwambia Winnie. Nilianza kwa kueleza diski, nikaeleza LILO, nikafika kwenye geometria ya diski, akanikatiza akauliza kama kazi ya baba yake ipo au haipo. Nikasema haipo.

Aliendelea kuchambua mchele uleule. Kisha akasema, "Baba Koku, mficha uchi hazai. Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi si posta."

Nilimwambia nitakwenda Jumamosi. Akasema kesho. Nikasema Jumamosi.

Jumamosi, 1 Mei

Sikwenda. Niliandika hapa kwamba barabara imekatika, halafu nimefuta, kwa sababu barabara ilipitika. Nimeshuhudia magari ya Magu yakiingia stendi matope mpaka vioo.

Jumatano, 5 Mei

Winnie ananipakulia chakula, ananikaribisha, anakula na Koku upande mwingine.

Jumapili, 9 Mei

Ng'washi amefariki. Ni kifua kile. Wamemzika jana. Mtu wa Magu ndiye aliyeleta habari, akasema mpaka Jumatatu iliyopita bibi alikuwa anakaa mlangoni.

Kesho nakwenda.

Jumatatu, 10 Mei

Nilimkuta Mzee Mashimba chumba cha mbele, amevua gambuti, anachonga penseli kwa kisu. Nilimwamkia, akaitika marahaba mkwe, akanisogezea kile kiti chenye mgongo. Sikukaa. Niliweka mashine mezani nikasema yote nikiwa nimesimama: kwamba ilikuwa nzima nikaivunja, kwamba nilidanganya kupitia kwa binti yake mara tatu, kwamba niliambiwa itafuta nikasoma nikabonyeza, na kwamba humo ndani hamna kitu. Sikumwambia neno la geometria.

Aliendelea kuchonga penseli mpaka ncha ikawa kali kabisa. Nilikuwa nangoja anifukuze na ningeshukuru.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu Winnie aliposema mara ya tatu. Kitu kilicho mbioni hufika."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema mkwe haulizwi mara mbili, ndivyo alivyolelewa na babaye. Kila jioni alijiambia kesho mkwe atakuja mwenyewe. Alijua mashine imekufa, lakini hakutaka kuwa mtu wa kwanza kunivua nguo. Halafu akayasema maneno ambayo nimeyabeba njia nzima ya kurudi:

"Mashine ikifa si neno, mwanangu. Ungekuja Machi tungepanda gari siku ileile mpaka kwa Ng'washi, ningekaa chini nimuulize upya. Daftari moja, penseli moja. Alikuwa mlangoni anatungoja."

Hakupaza sauti. Ni mara ya kwanza kuniita mwanangu. Miaka sita nimekuwa mkwe, na leo aliponiweka karibu ndipo nilipotamani kuwa mgeni tena.

Nikaanza kusema habari za madaftari, kwamba hilo nalo ni langu, mimi ndiye niliyemwambia. Akakataa. Akasema aliyoyatoa aliyatoa kwa mkono wake, nisijiongezee mzigo usio wangu. Nadhani alitaka kunipunguzia. Hakupunguza kitu.

Jumapili, 16 Mei

Nimekuwa Kisesa tangu Ijumaa. Kiwandani hawajatuita na sina haraka ya kuitwa.

Mzee anasema anayoyakumbuka, mimi naandika. Kwa kalamu. Majina ya luseni yote anayakumbuka kama ya watoto wake. Ya mbugani anasitasita. Akikwama tunakwenda kwa mkulima aliye karibu, kama yu hai, tunamuuliza. Kati ya wazee tuliowafuata, nusu wamebaki makaburi na wana wao wanaotuambia baba alikuwa na jina lake, lakini sisi tunasema udongo tu.

Leo tulikwenda stendi kwa Getruda, muuza karanga. Ni mama mnene, mcheshi, alidhani tumekuja kudai. Tulipomweleza alishika mdomo. Alitupa madaftari mawili ambayo hajayagusa, la tatu na la tisa. Mzee aliyapokea kwa mikono miwili. Nikamuuliza habari za la kumi na sita, la Ng'washi.

"Hilo ndilo lililokuwa juu kabisa," alisema Getruda. "Ndilo nililoanza nalo. Februari hiyo lilikwisha."

Tuliporudi nilifungua daftari hili kwenye tarehe 20 Februari, nikasoma mpaka pale nilipoandika kwamba karatasi nimeikunja nikaitupa.

Jumatatu, 17 Mei

Nimemwonesha mzee nilichoandika siku ile. Nilidhani nimempelekea aibu yangu nyingine tu. Yeye alivaa miwani, akaisoma ile sentensi moja niliyoinakili kwa kicheko, akaisoma tena kwa sauti. Akasema ndiyo, ni maneno ya Ng'washi hasa, ngozi kavu na jembe begani. Akaniuliza jina la udongo wenyewe, maana yeye huliandika juu na kulikoleza wino.

Nikamwambia lilikuwepo. Nililiona. Sikulinakili, kwa sababu jina halikunichekesha.

Yeye mwenyewe halikumbuki. Alilisikia mara moja tu, Novemba, akaliandika ili asihitaji kulikumbuka.

Jumamosi, 29 Mei

Mvua zimekwisha. Wiki hii mawingu yanakuja, yanaangalia, yanaondoka.

Winnie alikuja jana na Koku, na leo tumekwenda Magu sote wanne. Wajukuu wa Ng'washi walitupokea vizuri. Tuliwauliza jina. Mmoja alisema bibi alikuwa akiuita hivi, mwingine akasema hapana, huo ni wa bondeni, wakabishana bila kuafikiana. Mzee hakuandika lolote kati ya hayo. Hayakuwa na mtu wa kuyakubali.

Wakatupeleka kwenye shamba lake. Liko chini, karibu na maji, mahali ziwa linapopumua kupitia kwenye matete. Mzee aliazima jembe, akalipiga ardhini mara moja, kwa namna ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Udongo ulikuwa umeanza kukauka. Ulitoa sauti nyembamba, ya kusuguana, ambayo nisingeisikia kama sikuambiwa. Akapiga tena, ukalia tena. Akaniangalia akatabasamu, mara ya kwanza tangu Machi.

"Ndio wenyewe," alisema.

Alichukua konzi ya udongo, akaulowesha kwa mate kidogo, akaufinya, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa kijivu, laini kuliko nilivyotegemea. Nilijikuta nimefumba mkono.

Kaburi la Ng'washi liko pembeni ya shamba hilohilo, bado bichi. Nilidhani tutasali tuondoke. Mzee akaniambia nitoe daftari, nisome. Nikamwuliza nimsomee nani. Akasema kazi hii ina utaratibu wake, neno la mtu haliingii kitabuni kabla hajasomewa, na huyu aliahidiwa.

Nikafungua. Ukurasa niliuandika Jumatatu ile kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Juu niliandika Magu, chini yake Ng'washi, chini yake nikaacha mstari mtupu, halafu sentensi yake. Nilisoma Magu. Nilisoma Ng'washi. Nilipofika kwenye mstari mtupu nilisimama, na Winnie, aliyekuwa nyuma yangu na Koku mgongoni, akanishika bega. Nikaendelea. Ukiulima kabla ya wakati wake hulia chini ya jembe kama ngozi kavu. Ukilia, weka jembe begani urudi nyumbani.

Nilipomaliza nilitaka kufunga daftari. Mzee akanizuia kwa mkono. Amewasomea watu miaka mingi na anajua kwamba baada ya kusoma unampa mwenye maneno nafasi ya kukubali, au kusahihisha, au kusema kile ulichokisahau.

Basi tukasimama pale, sote, tukimngoja.